Rukia, kabla hujatoa hizo pesa za gari

Mwanangu Rukia,

Salamu kutoka nyumbani. Sote wazima, ila joto la mwezi huu limetunyima usingizi. Ujumbe wako nimeusikia. Unasema umejiwekea akiba, hutaki mkopo wa gari jipya litakaloporomoka bei siku ya kwanza kutoka kwa muuzaji, na wenzako wa kazini hapo Coventry, Uingereza, wanakuambia magari ya miaka ya themanini na tisini yamekuwa mali. Picha tatu ulizonitumia nimeziona: Peugeot 205 GTI, Mercedes 190E na Subaru Impreza yenye turbo. Unauliza lipi litapanda thamani.

Nitakujibu kama muuza spea, maana ndiyo kazi iliyokusomesha. Habari za injini waachie mafundi. Mimi nimekaa nyuma ya kaunta pale Mwembe Tayari, Mombasa, miaka yote hiyo, na ninachokijua ni gari lipi watu wanalihangaikia hata likiwa kongwe, na ni kitu gani kikikosekana mwenye gari anakata tamaa.

Yakiwa yote yana afya sawa, mimi ningechukua 205. Subaru ningeichukua tu kama haijachokorwa. Mercedes ningeiacha, na babako akinuna na anune.

Bei ya gari kuukuu hupandishwa na watu. Kijana wa miaka 16 anabandika picha ya gari ukutani na hana hata nauli. Akifika miaka 45 au 50, nyumba kaimaliza kulipa, watoto wamekua, anaanza kulitafuta lile lile la ukutani. Wanunuzi wa sasa ni wale waliokuwa vijana miaka ya themanini na tisini, ndiyo maana magari yao yamechangamka, na wale waliotamani magari ya miaka ya hamsini wanapungua kila mwaka. Kwa hiyo ukiona gari usijiulize tu kama ni zuri. Jiulize nani alilililia akalikosa.

Hapo hapo lazima yawe yamebaki machache. Hizo GTI zilipokuwa mpya ziliibwa na kugongwa ovyo huko Uingereza hata bima zake zikawa hazishikiki. Halafu mwaka 2009 serikali ya huko ikaleta mpango wa kumpa mtu pauni 2,000 akipeleka gari la zaidi ya miaka 10 likavunjwe anunue jipya. Mazima mangapi yalikwenda kwa mpango huo, sisi huku tulikuwa tunasikitika tu.

Cha tatu ni jina, na jina la gari hutoka mashindanoni. Hilo sisi hatuhitaji kufundishwa. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 mikononi mwa Ove Andersson, ikarudia 1978 na Jean-Pierre Nicolas, na nchi hii ikaijaza barabarani. Shekhar Mehta akachukua Safari mara tano, 1973 na kisha 1979 hadi 1982 bila kupumzika, zote na Datsun. Zile Subaru za bluu unazozikumbuka, Colin McRae alishinda nayo hapa 1997.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza hela. Sheria za mashindano ya Kundi A (Group A), daraja la magari yanayotokana na ya dukani, zilimtaka mtengenezaji atengeneze magari 5,000 ya aina hiyo ya kuuziwa watu wa kawaida kabla hajaruhusiwa kushindana nalo, baadaye wakapunguza hadi 2,500. Lancia Delta Integrale, BMW M3 ile ya kwanza, Ford Sierra Cosworth, yote yalizaliwa na sheria za namna hiyo. Hayo yameshapanda na kwako hayafikiki, usijisumbue. Lakini kila moja lina ndugu wa kawaida mwenye sura ile ile, na madalali hutaja jina la yule mkubwa kumuuza mdogo.

Mercedes yako ni mfano. Ipo 190E 2.3-16, ambayo Cosworth, mafundi injini wa Uingereza, walishiriki kuitengenezea silinda hedi, na ambayo Ayrton Senna, dereva wa mbio Mbrazili, aliwashinda nayo mabingwa wakubwa kwenye uwanja wa Nürburgring, Ujerumani, Mei 1984. Ipo Evolution II ya 1990, iliyotengenezwa 502 tu. Hiyo ya kwenye picha yako ni 1.8 ya otomatiki. Jumla ya 190 za kila namna zilikaribia milioni 1.9. Ni gari la heshima, linakaa, ukitaka la kwendea kazini utanishukuru. Ila hakuna atakayekunja shati mnadani kuligombea.

Subaru nayo ina ngazi zake. Ya juu kabisa ni 22B ya 1998, zilizouzwa Japani zilikuwa 400. Kwa soko la Uingereza kuna P1, zilizotengenezwa 1,000, na RB5 ya 1999, zilizotengenezwa 444. Yako ni Turbo 2000 ya kawaida, lakini kwa Subaru ya kawaida yenye turbo bado watu wapo. Shida yake ni vijana. Unawajua binamu zako na ekzosi zao za kupiga risasi usiku wa manane, basi wa huko ni hao hao. Wanabadilisha turbo, rimu, viti, springi, wanakata bampa, kisha wanakuuzia wakihesabu kila shilingi waliyoiharibia gari. Ukikuta iliyofungwa vitu vipya, uliza vile vya kiwandani viko wapi. Mwenye akili atakuwa ameviweka kwenye maboksi. Kama alivitupa, mshukuru uende zako.

Mimi ninashikilia jambo moja tu katika haya yote: injini isikutishe, vitu vidogo vikutishe. Alikuja mteja mmoja dukani kutoka Kilifi, mzee nadhifu, ana kipande cha taa ya nyuma ya 504 saluni amekifunga kwa gazeti. Kile kioo chekundu cha plastiki, kona yake imeruka. Gari lilikuwa limeshafumuliwa injini nzima, pistoni, ringi, beringi, vyote alivipata kwangu asubuhi moja na chenji nikamrudishia. Kile kioo tukakitafuta. Nikapekua maboksi ya juu, nikapigia Nairobi, nikapigia Kisumu, wote wana cha pikapu, cha saluni hakuna. Kilipopatikana kilikuwa kimetumika, kimepauka upande, na bei yake ilizidi ringi za pistoni nne. Alilipa bila kupatana. Pistoni itachongwa mahali fulani duniani kila siku. Kioo cha taa, kitambaa cha kiti, nembo ya ubavuni, kitasa, kapeti, hivyo mashini iliyovitoa ilishauzwa chuma chakavu.

Ndiyo maana 205 ile imenivutia. Ukitazama picha ya ndani, kapeti jekundu bado lipo, la kuzaliwa nalo. Ule mstari mwekundu unaozunguka bampa na ubavu umekamilika pande zote. Viti havijavaliwa mifuko. Dashibodi haijatobolewa kuwekewa redio kubwa. Usukani ni wake. Rangi imepauka kidogo kwenye boneti, na hilo kwangu ni jema, maana yake haijapigwa rangi juzi kuficha jambo. Gari hupigwa rangi upya hata mara tano, uhalisi wake lakini hauna duka. Ukiwekewa moja linalong'aa kama sinia ya harusi na lingine lililopauka lakini halijaguswa, wewe chukua lililopauka.

Kutu ndiyo adui. Sisi huku tunaliwa na upepo wa bahari, nyinyi mnaliwa na chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa barafu. Nenda na sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa usikwaruze rangi. Ipitishe kwenye kingo za chini ya milango na kwenye upinde wa madigadi. Pasiposhika chuma, hapo pana puti. Impreza inaoza madigadi ya nyuma na pale juu shokabsoba zinapofungiwa. 190E za kuanzia 1988 zina plastiki pana za ubavuni, na kutu hujificha nyuma yake ikila taratibu, kwa nje huoni kitu. 205 yenyewe, simama nyuma yake mbali kidogo. Magurudumu ya nyuma yakiwa yameinamia ndani kwa juu, ujue beringi za eksili zimekwisha na hiyo ni kazi ya fedha nyingi. Huo si mwisho wa dunia, ila bei lazima ishuke.

Huko mna kitu ambacho sisi tungekilipia. Ukiingiza namba ya gari kwenye tovuti ya serikali, unaona bure matokeo ya MOT, ule ukaguzi wa lazima wa gari wa kila mwaka, tangu 2005: lilifeli nini, lilionywa nini, na maili zilizosomwa kila mwaka. Zipange hizo maili kwa mstari. Zikirudi nyuma hata mara moja, kuna mkono wa mtu. Neno la kutu likitokea mwaka hadi mwaka kisha likatoweka ghafla, taka risiti ya aliyechomelea. Angalia pia kama kampuni ya bima iliwahi kulifuta kwa ajali, siku hizi huandikwa Category S au N. La S lilivunjika mifupa, liache hata kama limenyooshwa vizuri.

Alama nyingine ya gari lenye kesho, ambayo mimi muuza spea naiamini kuliko maneno ya minadani, ni mtengenezaji kuanza kutoa spea zake upya. Kampuni haifungui mashini kwa mapenzi. Nissan walianza kwa Skyline R32 mwaka 2017, Toyota wakafuata kwa Supra mwaka 2020, na Mazda walianzisha huduma ya kulirudisha upya MX-5 la kwanza, lile la 1989 lenye taa za kuinuka. Hilo MX-5 naliongeza kwenye orodha yako. Yaliuzwa mengi, kwa hiyo usitarajie lipae, lakini spea zipo, na ukitaka kuliuza hukai nalo mwezi. Kagua kingo za chini mbele ya magurudumu ya nyuma, ndipo linapoanza kuoza.

Wamarekani nao huitikisa bei. Sheria yao huwaruhusu kuingiza karibu gari lolote la nje likishafikisha miaka 25. Skyline GT-R ya R34 ilitoka 1999, basi mlango ukafunguka 2024, na bei ilikuwa imeanza kupanda miaka kabla ya hapo, watu wakisubiri. Subaru za Japani nazo zimeguswa na upepo huo. Piga hesabu ya miaka 25 uone ni gari gani linakaribia mlangoni, ununue kabla.

Gharama usizifumbie macho. Gari la namna hii linataka kulala ndani, na kukodi gereji huko si mchezo. Bima ichukue ile ya thamani mliyokubaliana mapema kwa maandishi, la sivyo likiibiwa watakulipa bei ya gari kuukuu lolote. Faraja yake ni kwamba gari la mtu binafsi, ukiliuza kwa faida, huko hutozwi kodi ya faida ya mtaji, na likishapita miaka 40 linasamehewa kodi ya barabara na hata MOT. Utembee nalo pia. Gari linalokaa bila kuwashwa hukauka sili, breki hushika, na petroli huchacha ndani ya tangi. Ukijumlisha bima, gereji na fundi kwa miaka kumi, huenda kupanda kote kwa bei kukakurudishia ulichotoa tu, na utakuwa umeendesha gari ulipendalo bila kula hasara ya gari jipya kushuka bei. Mimi naona hiyo ni biashara nzuri. Kama unatafuta faida ya haraka, nunua kiwanja Mtwapa, na usikope hata senti kwa ajili ya gari.

Swali lako la mwisho, kama utaweza kulileta nyumbani ukirudi: halitapita. Gari lililozidi miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza halikubaliwi bandarini Kilindini, na la miaka thelathini ndiyo usiseme. Lichukulie kuwa ni gari la kuuziwa huko huko.

Jumamosi ukienda kuliona hilo 205, nipigie kwa video. Anza na taa zote nne, kisha kapeti, kisha unisogezee simu chini ya kiti cha dereva. Mwambie muuzaji leo hii kwamba unataka kulikuta baridi, asiliwashe kabla hujafika, maana injini iliyochoka huficha moshi wake ikishapata moto. Ukifika, weka kiganja juu ya boneti kabla ya salamu. Ukikuta la moto, zungumza naye habari za mvua, unywe chai yake akikupa, urudi nyumbani na pesa zako.

Mamako