Muuguzi akiona hatari: maswali yenu kuhusu usalama wodini

Maswali mengi ya safari hii yametoka kwa wauguzi wa zamu ya usiku hapa Nairobi, na karibu yote yanauliza jambo moja: nimeona mgonjwa yuko hatarini, nifanyeje nisikike?

Nikimpigia daktari mwanagenzi usiku, ananiambia "endelea kumwangalia tu". Kukicha mgonjwa yuko hoi na mimi ndiye ninayeulizwa. (Muuguzi, Kayole)

Simu nyingi za usiku huanza kwa maelezo marefu na kuisha bila ombi. Kabla ya kupiga, shika faili, pima upya kwa mkono wako, na uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Pumzi mara nyingi hubadilika kabla ya presha, na ndiyo namba inayokisiwa zaidi kwenye chati. Kisha sema mambo manne kwa mpangilio: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoona wewe, unachoomba. Kwa mfano:

"Daktari, ni muuguzi wa zamu, wodi ya upasuaji ya wanaume. Presha ya mgonjwa huyu ni 88 kwa 50, mapigo 124, anapumua mara 28 kwa dakika. Alipasuliwa utumbo jana mchana na hajakojoa tangu saa mbili usiku. Naona huenda anavuja damu ndani, au ana maambukizi kwenye damu. Naomba uje ndani ya dakika 15. Wakati nakungoja, nimwanzishie dripu?"

Taja jina lake na namba ya faili, si namba ya kitanda. Wauguzi wengi huacha lile ombi la mwisho kwa sababu ya heshima, na hapo ndipo mambo huharibika. Ukisema "presha imeshuka kidogo", aliyetoka usingizini ataamua kwamba si kitu. Ukisema "naomba uje ndani ya dakika 15", itabidi akubali au akatae. Akikataa, ongeza uzito: "Nina wasiwasi na mgonjwa huyu." Halafu: "Sikubali tungoje. Hili linahatarisha maisha yake." Ukisema mara mbili bila jibu la maana, mpigie msimamizi wa zamu, kisha daktari bingwa wa zamu. Andika kwenye faili saa uliyopiga, uliyezungumza naye, ulichosema na alichojibu, bila neno la hasira.

Hospitali nayo ina wajibu wake. Namba ya bingwa ibandikwe ukutani, na kuwe na mwongozo uliotiwa sahihi unaosema muuguzi haombi ruhusa ya yeyote kuipiga. Kumwambia muuguzi ajiamini bila karatasi hiyo ni kumtuma vitani mikono mitupu.

Naweza kukataa agizo la dawa linalotolewa kwa simu? (Muuguzi, Embakasi)

Unaweza, na pengine ni lazima. Agizo la simu ni la dharura tu. Liandike linapotamkwa, msomee daktari lote, ungoje athibitishe; akifika atie sahihi. Tarakimu zitamke moja moja, "moja, tano", kwa sababu 15 na 50 zikitamkwa kwa Kiingereza kwenye simu yenye kelele hufanana mno. Kwa insulini, andika neno "yuniti" kamili: herufi U iliyoandikwa haraka husomeka kama sifuri, na yuniti 4 zikawa 40. Tumia sirinji ya insulini, si nyingine.

La kukataa bila kusita ni kudunga kloridi ya potasiamu isiyochanganywa moja kwa moja kwenye mshipa. Husimamisha moyo. Huchanganywa kwanza kwenye dripu na kupita polepole, kwa kawaida isizidi milimoli 10 kwa saa kwenye mshipa wa mkono. Vichupa vyake visikae kabati moja na maji ya kuchanganyia dawa, maana usiku wa shughuli nyingi ni rahisi kuvichanganya.

Mama akivuja damu baada ya kujifungua, lazima nimngoje daktari? (Mkunga, Dandora)

Hapana, na kungoja kunaua. Utafiti wa E-MOTIVE, uliochapishwa 2023, ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Wakunga walitandika shuka la plastiki lenye mfuko wa vipimo ili damu ipimwe, kwa kuwa jicho hukisia pungufu. Ikifika mililita 500, au 300 pamoja na dalili nyingine mbaya, walianza yote kwa pamoja: kusugua mfuko wa uzazi, oksitosini (dawa ya kukaza mfuko wa uzazi), asidi ya traneksamiki (dawa ya kusaidia damu kuganda), dripu, kumkagua mama chanzo cha damu, na kuita msaada. Uvujaji mkali wa damu, upasuaji wa kuudhibiti na vifo vyake, vikijumlishwa, vilipungua kwa asilimia 60.

Zamani dawa moja ilijaribiwa, ikangojwa, kisha nyingine. Dai mwongozo huo uandikwe katika kituo chako, na dawa zote zikae kwenye kisanduku kimoja ndani ya chumba cha kujifungulia. Zikiwa stoo iliyofungwa, ruhusa uliyopewa haina kazi.

Thieta yetu orodha ya usalama hujazwa baada ya mgonjwa kutoka. Ina maana? (Muuguzi wa thieta, Upper Hill)

Haina. Orodha ya Shirika la Afya Duniani ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu kugusa ngozi, na kabla ya mgonjwa kuondoka. Ilipojaribiwa katika miji minane, Ifakara ya Tanzania ikiwemo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Isomwe kwa sauti huku kila mkono umesimama, na kila mtu ajitambulishe kwa jina, kwani aliyekwisha kusema mara moja hasiti kusema tena akiona kasoro. Mwaka 2018, katika hospitali kubwa ya hapa Nairobi, fuvu la mgonjwa lilifunguliwa kutafuta damu iliyoganda ambayo mwenye nayo alikuwa mgonjwa mwingine. Muuguzi apewe mamlaka ya kutompa daktari kisu mpaka kituo cha pili kikamilike.

Kitabu chetu cha makosa kiko tupu. Tunafanya vizuri? (Msimamizi wa wodi, Kasarani)

Nina shaka. Kitabu kitupu huonyesha woga. Ondoa sehemu ya jina la mhusika. Uliza nini, wapi, saa ngapi, na wauguzi walikuwa wangapi kwa wagonjwa wangapi. Pokea pia makosa yaliyogunduliwa kabla ya kumfikia mgonjwa. Kisha, ndani ya wiki moja, waambie wote kilichobadilishwa. Wakiona taarifa inaleta barua ya onyo tu, hakuna atakayeandika ya pili.

Mama yangu amelazwa na leo vidonge vyake vimebadilika rangi. Nikiuliza nitaonekana mjeuri? (Binti, Umoja)

Uliza kabla hajameza: "Sista, hii ni dawa gani, na ni ya nini?" Hati ya haki za wagonjwa ya Kenya ya 2013 inakupa nafasi hiyo. Huenda kampuni tu ndiyo imebadilika. Mwombe alinganishe na karatasi ya dawa na jina la mama. Akikataa kuangalia, mwite msimamizi wa wodi.