Jibu: Sanamu ya kuvaliwa ina tofauti gani na fasheni?

Mkuu, umeuliza kama "sanamu ya kuvaliwa" si jina la kujidai tu la nguo za ajabu ajabu. Mtazame msanii Nick Cave wa Chicago (si yule mwimbaji wa Australia, wengi huwachanganya). Mwaka 1991 polisi wa Los Angeles walimpiga Rodney King, Mmarekani Mweusi, na Cave, Mweusi pia, jambo lile lilimkaa rohoni. Siku moja akiwa bustanini akaona kijiti chini, kitu cha kukanyagwa tu. Akakiokota, akaokota na vingine, akavitoboa na kuvishona mpaka vikatosha kufunika mwili mzima. Alidhani anatengeneza sanamu ya kusimama. Alipoivaa na kutembea, ikachakarika kila hatua. Ndipo likaja jina la Soundsuit, yaani suti ya sauti.

Nguo hukatwa imfae mvaaji. Soundsuit inamficha ngozi, jinsia na tabaka, halafu inamfundisha kutembea upya. Nairobi yupo msanii Cyrus Kabiru na miwani yake ya waya na vyuma chakavu: unautazama mji kupitia taka za mji huohuo. Soundsuit za baadaye, zenye shanga na vifungo, zinapendeza, lakini mimi bado nipo na ile ya vijiti.