Umri haujakupita, Zuhura

Mwanangu Zuhura,

Marahaba. Barua yako imenifika, na mama yako kaisoma kabla yangu kama kawaida yake. Unaniuliza kama mtu aliyefundisha sheria chuoni miaka yote hiyo ana haki ya kutamani ujaji, maana mawakili wenzako wanakucheka eti mwalimu hajui joto la mahakamani. Mimi ni karani mstaafu tu, lakini majaji nimewaona wakija na kwenda. Basi nikupe habari za jaji Brenda Hale wa Uingereza. Hukumu zake unazifundisha. Maisha yake sidhani kama umewahi kuyakalia kitako.

Alizaliwa mwaka 1945, mtoto wa walimu, akakulia Yorkshire. Alipokuwa na miaka 13 baba yake akafariki ghafla, mama akarudi kushika chaki ili alee mabinti watatu. Brenda akasoma sheria Cambridge, akahitimu 1966 akiwa kinara. Kisha akaenda kufundisha Chuo Kikuu cha Manchester. Mtihani wa uwakili aliufanya huku anafundisha, akashika namba moja, akaonja uwakili kidogo, halafu akachagua darasa. Manchester alikaa miaka 18.

Hapo ndipo wenzako wangesema kapotea. Mwaka 1984 akateuliwa Tume ya Kurekebisha Sheria, mwanamke wa kwanza kuwa kamishna, na moja ya kazi zilizotoka pale ni Sheria ya Watoto ya 1989, inayomtaka jaji atangulize ustawi wa mtoto. Kwa hiyo alipoapishwa jaji wa Mahakama Kuu mwaka 1994, anakaribia miaka 49, aliingia kwenye kesi za familia akiwa na sheria aliyoshiriki kuiandaa. Wakili gani wa joto la mahakamani angemfundisha kitu hapo? Nisamehe, nimekasirika kidogo kwa niaba yako.

Mwaka 1999 akapanda Mahakama ya Rufani. Mwaka 2004 akaingia Baraza la Malodi, ambalo wakati huo ndilo lilikuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, mwanamke wa kwanza kuwa jaji humo, na hata kazi hiyo ya kimahakama ilipohamishiwa Mahakama ya Juu mwaka 2009 alibaki mwanamke pekee mpaka 2017. Mwaka 2010 majaji tisa waliamua kesi ya mkataba wa mali uliofungwa kabla ya ndoa. Yeye peke yake alipinga matokeo, na akawakumbusha wenzake kwamba jambo lile linagusa jinsia, na waliolikalia ni wanaume wanane na mwanamke mmoja. Ya 2019 unayajua: akiwa Rais wa mahakama, yeye na wenzake kumi wakasema kwa kauli moja kwamba Waziri Mkuu wa wakati huo, Boris Johnson, alivunja sheria kuliahirisha Bunge kwa wiki tano. Watu wakabaki kuzungumzia kipini cha buibui alichovaa begani.

Lakini mimi nakutaka urudi kwenye hukumu ya Februari 2011, ya mama Mtanzania anayetajwa kwa herufi ZH tu. Alifika Uingereza mwaka 1995, akaomba hifadhi mara tatu, mara mbili kwa utambulisho wa uongo. Serikali ikataka kumrudisha Tanzania. Ana watoto wawili, wa miaka 12 na 9, wamezaliwa huko na ni raia wa huko kwa baba yao. Mama akiondoka, nao wanaondoka. Ukisoma alivyoandika Lady Hale utaona mwalimu anavyofanya kazi: anafungua Mkataba wa Haki za Mtoto, anapanga hatua moja baada ya nyingine, anauliza uraia wa mtoto una uzito gani na nani atamsikiliza mtoto mwenyewe. Uongo wa mama anautaja bila kuuficha, kisha anasema watoto hawawezi kulaumiwa kwa huo. Rufaa ikashinda.

Utulivu ule hakuuokota kortini. Ni wa mtu aliyezoea maswali ya wanafunzi wasiokubali jambo mpaka waelezwe.

Kwa hiyo peleka jina lako. Na kwenye wasifu wako, miaka ya chuoni iweke juu kabisa. Hiyo ya uwakili ifuate chini.

Baba yako.