Mvua za masika zimekata: usikimbilie mpira wa maji wala urea

Mkuu, umeuliza kama uanze kumwagilia kila siku na kurushia mbolea ya urea, maana mvua zimekata, mchicha na spinachi vimekuwa njano na nyanya zina madoa. Mimi nalima nyuma ya nyumba hapa Bunju, Dar es Salaam, na kila ukifika mwezi wa sita hali huwa hiyohiyo.

Maji kwanza. Upepo wa kusi unaupausha udongo wa juu haraka, lakini chini unyevu bado upo. Chimba kina cha kiganja, ufinyange huo udongo. Ukishikamana, uache mpira. Wanaokunywa maji yako sasa hivi ni magugu, kwa hiyo palilia kabla hayajatoa mbegu, halafu tandaza nyasi kavu au majani ya mgomba unene wa sentimita 5 hadi 10. Usiyagusishe na shina. Mchwa wa huku hawana dini, wakikuta matandazo yameegemea mche wanaingia nao.

Masika tuliinua matuta ili maji yasituame; sasa fanya kinyume. Mboga mpya panda kwenye matuta ya kuzama, yenye kingo, ili kila ndoo unayomwaga ibaki kwenye mizizi.

Kuhusu njano, angalia imeanzia wapi. Ikiwa ni majani ya chini, yale ya zamani, mara nyingi ni naitrojeni iliyosombwa na mvua, na kichanga chetu hakishiki kitu. Ila urea ukiirusha juu ya udongo bila kuifukia, sehemu yake kubwa inaweza kupotea hewani. Ifukie kidogo mbali na shina, umwagilie papo hapo. Mimi naona samadi iliyooza vizuri inatosha. Mchicha uliokwisha kuzeeka wala usiuhangaikie, ng'oa usie mwingine. Wiki tatu au nne unachuma.

Nyanya ndizo zenye kazi. Madoa meusi yenye majimaji yaliyokuja wakati wa mvua mara nyingi ni ukungu, na jua likikaza unapungua wenyewe. Kata majani yaliyougua, mwagilia shinani asubuhi, usinyunyizie juu. Lakini ukiona jani lina mabaka yanayopitisha mwanga, kama karatasi iliyolowa mafuta, na ndani kuna kiwavi, huyo ni kantangaze, kiwavi wa nondo mdogo anayeshambulia nyanya. Aliingia nchini mwaka 2014, asili yake Amerika Kusini, na kiangazi ndio msimu wake. Dawa ya ukungu haimgusi, na dukani watakuuzia tu ukiwaambia "nyanya zina madoa". Chuma majani na matunda yaliyotobolewa, yafunge kwenye mfuko mweusi yaive na jua. Usiyatupe kwenye shimo la mboji. Ng'oa na mnavu unaojiotea pembeni, anajificha humo.

Jambo ambalo hukuuliza: kama una mwembe uliokwisha kukomaa, usiumwagilie kabisa mwezi huu na ujao. Ukame huu ndio unaousukuma kutoa maua. Ukiunywesha na kuulisha urea utapata majani mazuri ya kivuli. Maji uanze kuupa vitunda vikishashika. Mwembe mchanga ni habari nyingine, huo mpe maji kama kawaida.

Tupia picha ya upande wa chini wa jani la nyanya, na useme udongo wako ni kichanga au mfinyanzi. Kama ni mfinyanzi, hayo matuta ya kuzama usiyachimbe kina kirefu.