Usiuze IST yako kwanza

Dogo, sauti uliyotuma kwenye grupu la familia nimeisikiliza mpaka mwisho. Eti kuna mtu kijiweni Mwenge kakwambia hapa Phoenix, Marekani, dereva hagusi usukani, gari linajiendesha, yeye kazi yake kuhesabu dola. Kwa hiyo unataka kuuza gari lako, hiyo IST, upate nauli. Nani anawalisha haya maneno?

Gari linajiendesha kweli, hapo sibishi. Waymo, kampuni ya teksi zinazojiendesha, wanabeba raia wa kawaida mji huu bila dereva tangu 2020. Sasa jiulize: kama hakuna anayegusa usukani, dereva analipwa kwa lipi? Halipwi. Hayupo.

Niliyepo ni mimi, yadini, usiku. Nachomeka magari kwenye chaji na kuyasafisha, kwa kakampuni ka usafi kalikopewa mkataba. Mlevi wa Ijumaa akitapika kiti cha nyuma, gari linarudi lenyewe, linapaki vizuri kabisa kati ya mistari, na mimi nasubiri na glovu. Mama huko anatangaza kwamba niko "kampuni ya teknolojia". Mwache hivyo hivyo.

Lakini matapishi yanaoshwa. Kinachonikera ni hii hadithi kwamba bila dereva, lawama nazo zimekwisha. Unakumbuka ulipokuwa unaendesha gari la watu? Ukigonga mtu Ubungo unakimbilia polisi kabla wananchi wenye hasira kali hawajakufikia, kesi ni yako, na bosi anakuja kuulizia bampa. Basi huku nako ni hayo hayo. Machi 2018, Tempe, hapa jirani, gari la majaribio la Uber lilimuua mama aliyekuwa anavuka barabara usiku akikokota baiskeli. Ndani alikuwemo mtu wa kuangalia tu. Alikuwa na simu, simtetei. Ila wachunguzi walikuta programu yenyewe haikuzingatia kwamba mtu anaweza kuvuka pasipo na zebra. Pasipo na zebra! Hebu lipeleke Kariakoo hilo gari.

Mwendesha mashtaka akasema 2019 kampuni haina jinai. Aliyekalishwa kitini akashtakiwa mwaka uliofuata, na 2023 akakiri kosa la kuhatarisha maisha, akapewa miaka 3 ya kuwa chini ya uangalizi. Ndiyo kazi unayoililia.

San Francisco, Oktoba 2023, mama mwingine aligongwa na gari lenye dereva, akarushwa mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, nayo ikamburuta kama mita 6. Jimbo likawafungia mwezi ule ule, na baadaye kampuni ikalipa faini ya dola 500,000 kwa ripoti ya uongo. Hakuna aliyelala ndani. Februari iliyofuata watu wa mji huo wakalizingira gari la Waymo lililokuwa tupu, wakalitia moto. Kumbe wenye hasira kali wapo kila mahali, ila hawa walikosa hata wa kumkunja shati. Waingereza angalau wametunga sheria 2024: gari likijiendesha, abiria hahusiki, kampuni ndiyo ijibu.

Na bado ukiniuliza, kurudi nyumbani usiku napanda hilo hilo lisilo na dereva. Halisinzii, halina simu mkononi. Waymo wanasema magari yao yanajeruhi watu wachache kuliko sisi, na kwa ninavyoona wewe unavyopita pale Kimara, nawaamini.

Kwa hiyo usije. Endesha IST yako, lipa ada ya watoto. Ila viza ikitoka usiiache, sebuleni kwangu pana godoro, na kabla hujaja pita VETA usome umeme wa magari, siyo leseni ya daraja sijui gani. Usimpe hela huyo wakala wa Sinza. Hata ya fomu.

Halafu bima yako ikiisha usikate tena ile ndogo, haitengenezi gari lako hata kidogo. Nitatuma ya bima kubwa mwisho wa mwezi. Mama usimwambie, atakumbuka bati.