Kidato cha pili Tanzania, darasa la ngapi Minnesota?

SWALI: Tumehamia mji mdogo wa Minnesota, Marekani, wenye sekondari moja tu ya umma. Kijana wetu wa miaka 16 amemaliza kidato cha pili Tanzania, lakini shule inataka aanze darasa la 9. Tufanyeje? – Mzazi, Minnesota

JIBU: Ndugu mzazi, msiukubali uamuzi huo kwanza. Miaka 7 ya msingi na 2 ya sekondari ni 9, hivyo kijana ni wa darasa la 10. Mara nyingi shule humrudisha mtoto nyuma kwa kukosa karatasi zinazoonyesha alichosoma, wala si kwa roho mbaya.

Ila msihangaikie jina la darasa peke yake. Kinachomhitimisha mwanafunzi ni krediti, yaani hesabu ya masomo aliyokamilisha. Minnesota inadai 21.5: Kiingereza 4, hisabati 3, sayansi 3, maarifa ya jamii 3.5, sanaa 1 na masomo ya kuchagua 7. Kwa kawaida somo la mwaka mzima ni krediti 1. Akiingia darasa la 10 mikono mitupu, ataitwa wa darasa la 10 huku anadaiwa mwaka mzima, na deni hilo huibuka mwaka wa mwisho wenzake wakipimwa majoho.

Iandikieni shule aliyotoka iwape ripoti za kidato cha kwanza na cha pili kwa Kiingereza, zenye muhuri, kila somo likionyesha vipindi kwa wiki na dakika za kila kipindi. Fizikia, kemia na baiolojia ziandikwe mbalimbali. Zikijumlishwa kuwa "sayansi", krediti tatu huweza kugeuka moja. Kiswahili kiombeeni nafasi kwenye masomo ya kuchagua. Historia ya Marekani ataisoma tu, hapo hakuna mjadala. Kisha mshauri wa masomo awape orodha iliyochapwa: zilizokubaliwa ngapi, zilizobaki ngapi. Mshauri akikwama, nendeni kwa mkuu wa shule, halafu ofisi ya wilaya ya shule.

Shule ndogo huwa na masomo machache ya juu. Kijana akifika darasa la 11 aulizie PSEO, mpango wa jimbo unaomruhusu kusoma chuoni bila ada. Krediti 4 za muhula wa chuo huhesabiwa kuwa 1 ya sekondari.

SWALI: Mbona wanampima Kiingereza, na sekondari alisoma kwa lugha hiyo?

JIBU: Kwa sababu fomu ya lugha ya nyumbani mmeandika Kiswahili. Ni sawa, msiibadilishe. Akifaulu, yamekwisha. Akipangiwa vipindi vya Kiingereza vya wanaojifunza lugha hiyo, shule inapaswa kuwaarifu ndani ya siku 30 tangu mwaka wa masomo uanze, au wiki mbili akiingia katikati ya mwaka. Mnaweza kuvikataa, lakini ulizeni kwanza vinafanyika saa ngapi. Vikigongana na kemia, ombeni vihamishwe.