Maswali ya Wasomaji: Gunia Moja, Majibu Mawili

SWALI: Shikamoo mshauri. Nilihitimu shahada ya kemia mwaka jana, na sasa nimeitwa kwenye usaili wa nafasi ya mkemia wa uchambuzi katika maabara ya vyakula. Rafiki zangu wanasema siku hizi mashine ndiyo inayopima, mkemia anabonyeza na kusubiri. Baba yangu, ambaye ni mfanyabiashara wa mahindi, ananicheka zaidi. Msimu uliopita alichota mahindi kwenye gunia moja, bakuli kwa bakuli, akayapeleka kwenye maabara mbili kupimwa sumukuvu (aflatoksini). Moja ikamjibu 6, nyingine 14. Ananiuliza kama hiyo ndiyo elimu aliyonilipia ada. Je, kazi hii ikoje hasa, na baba nimjibu nini? — Mhitimu, Kibaigwa.

JIBU: Marahaba, binti yangu, na hongera kwa kuitwa. Swali la baba yako lina uzito kuliko maneno ya rafiki zako, kwa hiyo nitaanza nalo.

Namba alizopewa ni mikrogramu za sumukuvu katika kilo moja ya mahindi, na kiwango cha juu kinachokubalika katika viwango vya Afrika Mashariki ni 10 kwa jumla ya sumukuvu za aina zote nne, yaani B1, B2, G1 na G2. Kumi hiyo ni sawa na gramu 1 iliyotawanyika katika tani 100 za mahindi, yaani zaidi ya shehena ya malori matatu makubwa. Tena haitawanyiki sawasawa kama chumvi kwenye mchuzi. Kuvu huota kwenye punje chache zilizotobolewa na wadudu au zilizopata unyevu, na punje moja iliyoathirika sana inaweza kubeba sumu ya kuchafua bakuli zima, huku majirani zake wakiwa salama kabisa. Bakuli moja likiipata punje hiyo na jingine likiikosa, maabara zote mbili zitakuwa zimesema kweli, kila moja kuhusu bakuli lake. Ndiyo maana vyeti vya maabara makini huandikwa kwamba matokeo yanahusu sampuli iliyopimwa tu, sentensi ambayo wateja wengi huiruka.

Wataalamu wanalijua tatizo hili, na kwa hiyo kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 ilitaka shehena ya nafaka ya zaidi ya tani 20 hadi 50 ichotwe mara 100, sehemu mbalimbali, hadi ipatikane sampuli ya kilo 10. Linganisha na bakuli la baba.

Sasa turudi kwako. Sampuli ikifika mezani, utaisaga yote, si kiganja kimoja, kisha utaichanganya na kupima labda gramu 25. Utaitikisa pamoja na methanoli na maji, utaichuja, na kuipitisha taratibu, tone baada ya tone, kwenye kisafishio chenye kingamwili zinazoinasa sumukuvu na kuacha mengine yapite. Hapo ndipo mashine ya kromatografia inapopokea zamu, ikizitenganisha aina za sumu na kuzitambua kwa mng'ao wake, kwa sababu chini ya mwanga wa urujuanimno kundi la B hung'aa buluu na kundi la G hung'aa kijani. Kubonyeza kupo, siwezi kukudanganya, lakini kabla ya kuliamini jibu la mahindi utapima kwanza sampuli tupu isiyo na sumu, na nyingine uliyoitia sumu kwa kiasi unachokijua, ili uone kama mashine inakurudishia kiasi hicho.

Nikiwa mgeni kazini, sampuli yangu tupu ilionyesha sumukuvu. Mashine ilikuwa nzima. Mimi ndiye niliyetumia chupa iliyokuwa na kimiminika cha rejea, yaani chenye sumukuvu ya kiasi kinachojulikana, baada ya kuisuuza kwa maji matupu. Nilirudia kazi ya siku mbili, na tangu siku hiyo vyombo vya sumukuvu naviloweka kwenye maji ya jiki kabla ya kuviosha, jambo linaloiharibu sumu na kumlinda pia anayeosha. Usidharau glavu na barakoa wakati wa kusaga, maana vumbi lile lina sumu inayosababisha saratani ya ini.

Kwenye usaili huenda wakakuuliza kwa nini jibu huandikwa pamoja na kiasi cha shaka, mathalani 9 kuongeza au kupunguza 2. Jibu halisi linaweza kuwa popote kati ya 7 na 11, na mkemia anayeficha hilo anamdanganya mteja. Kumbuka pia kuwa kwa Tanzania kazi hii inasimamiwa na sheria ya wanataaluma wa kemia ya mwaka 2016, hivyo ulizia usajili mapema.

Kuhusu baba, usimwache aamini kuwa 6 ndiyo ya kweli kwa kuwa inamfaa sokoni. Mwaka 2016, katika mikoa ya Dodoma na Manyara, sumukuvu iliua watu 20, na Kibaigwa yenu iko mkoa huohuo wa Dodoma. Mwambie msimu huu achome bambo, kile chuma cha kuchotea nafaka, kwenye magunia mengi, juu, katikati na chini, ayamwage mahindi yote aliyochota kwenye turubai safi, ayachanganye kwa koleo, ayagawe mafungu manne na kuchukua mawili yanayotazamana, kisha arudie hadi zibaki kilo chache. Hizo azipeleke katika mfuko wa karatasi, kwa sababu nailoni hufungia unyevu, na kuvu wataendelea kuota njiani kabla hata sampuli haijafika maabara.